Riwaya kama Hifadhi: Fundisho la Kitereza kwa Mwambao wa Uvira

Katika mwambao wa Uvira, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, lusenga ni wavu wa mkono wenye mpini mrefu, uliotumiwa usiku kuteka ndagala waliovutwa na moto uliowashwa mtumbwini. Wavu huo uliachwa kidogo kidogo nyavu kubwa zilipoenea tangu miaka ya 1950. Samaki nao wamekuwa wakipungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa maji ya juu yanapopata joto hayachanganyiki vema na ya chini yenye rutuba. Chakula cha samaki kikapungua kwa takriban asilimia 20, na mavuno yakakadiriwa kushuka kwa asilimia 30 hivi.

Samaki anaweza kuhifadhiwa katika chupa ya maabara. Ustadi wa kumvua hauhifadhiki hivyo, na hapo ndipo riwaya inapohitajika.

Mfano bora umetoka katika ziwa jingine. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu kilichapishwa mwaka 1980. Mwandishi alifariki mwaka uliofuata. Wapo wanaochoshwa na maelezo yake marefu ya kilimo, uvuvi na uganga. Lawama hiyo haina uzito. Myombekere anadaiwa pombe ya ndizi na wakweze ili arudishiwe mke. Kwa hiyo msomaji anajifunza utengenezaji wa pombe akiwa na wasiwasi wa mume. Dawa anazifahamu kwa kuwa Bugonoka hajapata mtoto. Maarifa hayakutundikwa ukutani kama vinyago vya makumbusho: yana mhitaji.

Ilhali mswada ukingoja mchapishaji, ziwa lenyewe lilianza kubadilika. Sangara alipandikizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, akastawi mno miaka ya 1980. Inakadiriwa aina 200 hivi za furu zilitoweka. Riwaya ikatoka ikieleza maji yaliyokuwa yakibadilika.

Jambo la kuzingatiwa Uvira ni kwamba sangala, jamaa wa sangara huyo, ni mwenyeji wa Tanganyika. Jina linalokaribia kuwa moja laashiria mgeni mharibifu huku, na huko samaki wa tangu zamani. Kamusi itaandika maana zote mbili katika mstari mmoja. Mtunzi wa Uvira, ambaye lugha zake ni Kivira, Kifuliiru au Kibembe pamoja na Kiswahili cha Kongo, ana sababu njema ya kukataa mhariri anayemgeuzia ndagala kuwa dagaa na mukeke kuwa mgebuka. Kwa Kitereza, hata baada ya tafsiri, wahusika walibaki na majina yao ya Kikerewe.