Uzi Uyeyukao Tumboni

Marehemu baba alikuwa mshona kanzu hapa Mombasa. Kabla ya kununua uzi aliujaribu kwa kuuvuta mikononi. Ukikatika, humrudishia mwenye duka. Nami nikakua nikijua kwamba uzi mwema ni ule udumuo.

Miaka mitatu niliificha ngiri yangu kwa kuona haya. Usiku mmoja uvimbe ukakataa kurudi ndani, nikatapika mno, nikakimbizwa hospitali. Kumbe kipande cha utumbo kimebanwa, kimekosa damu, kimekufa. Daktari akakikata, kisha akaziunga ncha mbili kwa sindano na uzi.

Nilipozindukana nikamwuliza, "Daktari, huo uzi wa ndani atautoa nani?"

Akacheka. "Hautolewi, mzee wangu. Utayeyuka wenyewe."

Nilishikwa na hofu. Uzi wa kuyeyuka, si ndio ule baba aliokuwa akiukataa?

Baadaye nikatambua kuwa jambo hili ni la kale. Abulqasim Az-Zahrawi, tabibu wa Andalusi aliyefariki mwaka 1013, aliandika kitabu kiitwacho At-Tasrif, chenye mafungu 30. Fungu la mwisho lahusu upasuaji, na humo ametaja kushona utumbo kwa uzi uliokwanguliwa katika matumbo ya mnyama. Mwili huumeng'enya uzi huo kama umeng'enyavyo nyama. Tabu ilikuwa uchafu, hata katika miaka ya 1860 Joseph Lister, daktari wa Uingereza, akaanza kuurowesha katika dawa ya kuulia vijidudu.

Tangu miaka ya 1970 pana uzi wa viwandani. Huo huvunjwavunjwa polepole na maji ya mwilini. Hushika majuma mawili matatu, muda wa nyama kuungana, kisha hutoweka katika miezi miwili au mitatu. Ngozi yangu ya nje ilishonwa kwa nailoni, nayo ikatolewa siku ya kumi.

Basi nikaelewa: nguo haijiungi yenyewe, ndiyo maana yataka uzi wa kudumu. Mwili hujiunga, uzi ni wa kuushikilia tu hadi upone.

Ndugu msomaji, ukiona uvimbe kinenani, usinifuate mimi. Nenda ukatazamwe mapema, ungali hauumi. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Mimi nimeponea chupuchupu.