Moto Ukishika Paa la Jikoni

   Leo twazungumza juu ya moto wa nyumbani, na hasa zile dakika chache za kwanza kabla ya msaada kufika.

Katika nchi za baridi, na hata kwetu Kenya kule Limuru, nyumba nyingi zina dohani la kutolea moshi. Ndani ya dohani masizi hujikusanya mwaka baada ya mwaka, na siku moja moto mkali ukipanda, masizi yale hushika yakawaka. Utasema hilo si letu, sisi huku Bombolulu hatuoti moto sebuleni. Ni kweli. Lakini hebu inua macho utazame juu ya meko yako. Kama jiko lako ni kile kibanda cha uani chenye paa la makuti, utaona utando mweusi unaning'inia kama uzi wa buibui uliopakwa lami. Moshi wetu hupenya kwenye makuti, na makuti ndiyo dohani letu. Tofauti ni kwamba dohani la matofali linaweza kuungua ndani nyumba ikabaki imesimama. Makuti makavu ya mwezi wa pili, upepo wa kaskazi ukivuma, hayangoji mtu.

Tuchukue nyumba moja ya Kiswahili, yenye vyumba sita na ukumbi katikati. Ni mfano tu, lakini wengi mtaitambua. Saa kumi na moja alfajiri mama anakaanga mahamri ya kuuza. Anatumia stovu ya mafuta ya taa na karai kubwa. Mtoto mchanga analia chumbani, naye mama anakwenda kumnyonyesha mara moja. Karai linabaki peke yake juu ya moto.

Mafuta ya kupikia hayalipuki bila kutoa habari. Kwanza hutulia, kisha hutoa moshi mwembamba wenye harufu kali ya kuunguza. Moshi ule ndio onyo la mwisho. Ukizima stovu wakati huo, mambo yamekwisha. Mafuta yakizidi kupata moto hufika mahali yakawaka yenyewe, bila hata ulimi wa moto kuyagusa. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama huyu. Binti yake wa miaka 11, aliyekuwa anaoga uani ajitayarishe kwenda shule, aliona mwanga usio wa kawaida akapiga kelele: "Mama, moto!" Hakuingia jikoni kujaribu kuuzima. Alipiga kelele tu, na alifanya vizuri sana. Kazi ya mtoto ni kuita.

Mama alipofika, mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye ndoo ya maji. Mkono wa kila mmoja wetu ungekwenda hapo. Hapa nataka tusimame kidogo. Maji ni mazito kuliko mafuta. Ukiyamwaga kwenye karai linalowaka yatazama chini ya mafuta, na kwa joto lile yatageuka mvuke papo hapo. Maji yakiwa mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Mvuke huo utayarusha mafuta yanayowaka juu, usoni mwako, kifuani, na kwenye paa. Wako akina mama walioungua uso kwa ndoo moja ya maji, wakidhani wanaokoa nyumba.

Mama yetu alilikumbuka sinia. Sinia la bati, lile la kulia wali, lilikuwa limeegemezwa ukutani. Alilishika kwa mikono miwili akalisukuma juu ya karai kuanzia upande wake kwenda mbele, ili moto usimrudie usoni. Moto bila hewa hufa. Kisha akateremsha tambi za stovu, na sinia akaliacha pale pale. Ukifunua mapema kuangalia kama umezimika, hewa huingia na mafuta yangali moto, nao moto huwaka upya. Acha mpaka chombo kipoe kabisa, hata ikichukua nusu saa. Wala usilibebe karai linalowaka kulitoa nje. Utalimwaga miguuni pako, au mlangoni ambako watoto wanapita.

Ikiwa ni stovu yenyewe iliyoshika moto, pia usiibebe na usiimwagie maji. Hapo mchanga ndio dawa. Sisi watu wa pwani hatununui mchanga, basi kwa nini ndoo ya mchanga haiko jikoni? Gunia la katani au blanketi la pamba lililoloweshwa likakamuliwa nalo hufaa kufunikia. La nailoni halifai, litayeyuka. Na neno moja juu ya mafuta ya taa: kamwe usiongeze mafuta stovu ikiwa inawaka au ingali moto. Ukinunua mafuta yenye harufu ya petroli, usiyatie kwenye stovu wala koroboi. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata mahali pa baridi. Mafuta ya taa safi ni mapole zaidi, lakini yakichanganywa na petroli hugeuka kuwa kitu kingine kabisa.

Tuendelee na kisa chetu. Karai lilifunikwa, lakini ulimi wa moto ulikuwa umekwisha kulamba masizi. Makuti juu yakaanza kuchakarika. Hapo mama aliacha. Hakuchota maji, hakutafuta ngazi. Moto ulio ndani ya chombo unaweza kuwa wako, ukiwa na kifuniko mkononi na mlango nyuma yako. Moto uliofika paa si wako tena. Kazi iliyobaki ni kutoa watu.

Nyumba hii ilikuwa na watu watano. Mama alimchukua mtoto mchanga. Binti alipewa kazi ya kumwamsha nyanya na kumshika mkono. Lakini kijana wa miaka 6 hakuonekana kitandani. Wazazi wengi hawalijui jambo hili: mtoto mdogo akiogopa moto hakimbii, hujificha. Huingia uvunguni mwa kitanda, nyuma ya kabati, chini ya rundo la nguo, na ukimwita kwa ukali hunyamaza, maana adhani amekosa. Mama alimwita kwa jina lake, kwa sauti ya kawaida ya kumwita kula. Kijana akatoka uvunguni. Mwambieni mtoto mapema, siku ambayo hakuna moto: ukiona moto usijifiche, toka nje, hutapigwa.

Chumba kikiwa na moshi, inameni, tembeeni kwa magoti. Hewa nzuri hubaki chini, karibu na sakafu. Moshi huua kabla ya moto. Godoro la sponji likiungua hutoa gesi za sumu, na mtu aliyelala huweza kupoteza fahamu asijue kama nyumba inaungua. Kitambaa kibichi puani husaidia kidogo dhidi ya masizi, lakini hakizuii sumu hiyo, kwa hiyo usikitegemee kukaa ndani.

Walipofika nje walikusanyika chini ya mwarobaini, mahali walipopatana tangu zamani. Mama akahesabu watu: watano. Nyanya akataka kurudi kuchukua sanduku la hati, lenye vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho. Binti akamshika leso. "Nyanya, tumeshatoka." Vyeti hutolewa tena ofisini. Wako waliofia ndani ya nyumba ambao walikuwa wameshatoka wakarudi.

Majirani nao walikuwa wamefika. Wengine walimwagia maji mapaa yao wenyewe, na hiyo ni akili, kwa sababu vipande vya makuti vinavyowaka hupaa na upepo vikatua nyumba ya tatu. Kijana mmoja alizima stima kwenye swichi kubwa. Mwingine alipiga simu 999. Waweza pia kupiga 112. Ukipiga, taja mtaa na alama ya karibu, kwa mfano msikiti, shule au duka linalojulikana, kisha mtume mtu barabara kuu akawaongoze zimamoto. Vichochoro vyetu ni vyembamba, na gari kubwa likipotea humo hupotea kweli.

Sasa nina neno zito kidogo. Ukilitaja jina Bombolulu pamoja na moto, watu wazima hukumbuka mwezi wa Machi 1998. Ile ilikuwa Shule ya Wasichana ya Bombolulu iliyo upande wa Mazeras, si mtaa wetu huu wa Kisauni. Wasichana zaidi ya 20 walikufa bwenini usiku. Madirisha yalikuwa na vyuma na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Nalisema hili kwa sababu bado tunafanya hivyo hivyo majumbani. Tunatia vyuma kwenye kila dirisha kwa kuogopa wezi, na mama anayetoka mara moja kwenda sokoni Kongowea huwafungia watoto kwa kufuli la nje. Najua kwa nini. Huna wa kukuachia, na barabara ina magari. Lakini koroboi ikianguka mle ndani, hao watoto hawana pa kutokea. Mwachie jirani watoto, na kama hayupo, mwachie ufunguo na umwambie wamo. Usiku ufunguo wa mlango ukae msumarini karibu na mlango, mahali pamoja kila siku, hata mtoto wa miaka 7 aujue.

Wanaotumia gesi wasifikiri hayawahusu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hushuka na kulala sakafuni. Kwa moshi tumesema inameni. Kwa gesi msilale chini. Ukisikia harufu, usiwashe kiberiti, usiguse swichi ya taa, hata kuzima. Fungua mlango na dirisha, funga mtungi, toa watu nje. Kutafuta mahali panapovuja tumia povu la sabuni. Panapotoa mapovu ndipo.

Tumalizie na yule binti. Alipokuwa akipita uani, tone kubwa la mafuta ya moto lilimdondokea mkononi. Jirani mmoja, kwa nia njema, alikuja mbio na dawa ya meno. Mwingine alisema ute wa yai, mwingine unga. Nyanya alisema: "Maji, mwanangu, maji." Nyanya alikuwa sahihi. Ngozi iliyoungua inaendelea kuungua ndani hata moto ukiisha, kama sufuria iliyoepuliwa inavyoendelea kuchemka. Maji ya baridi ya kawaida yanayotiririka, kwa dakika 20 kamili, huliondoa joto hilo. Bomba likiwa kavu, kama tulivyozoea, mimina kwa kata kutoka mtunginini taratibu, au tumia maji ya kisima yaliyo masafi hata yakiwa na chumvi kidogo. Usitumie barafu, inaongeza jeraha. Hata kama saa moja au mbili zimepita, bado maji yana faida. Poza mahali palipoungua, lakini mwili mwingine mfunike mtoto asishikwe na baridi.

Vua bangili, pete na nguo upesi kabla ya kuvimba. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiivute. Malengelenge usiyapasue. Kisha funika kwa kitambaa safi, kama leso iliyofuliwa na kupigwa pasi, bila kupaka kitu. Dawa ya meno, yai, unga, siagi na udongo huziba joto ndani na kuingiza wadudu, na daktari atalazimika kuzikwangua, jambo ambalo mtoto hatalisahau.

Mtu nguo zikimshika moto asikimbie, maana mbio humpepea moto. Alale chini, ajifunike uso kwa viganja, abingirike, au afunikwe kwa blanketi zito. Madera mengi tunayovaa ni ya nailoni, huyeyuka na kuganda mwilini. Ukipika, vaa pamba, na ncha za leso uzifunge nyuma.

Mpeleke hospitali mtoto aliyeungua uso, mikono, miguu, sehemu za siri au penye kiungo. Vilevile jeraha lililo kubwa kuliko kiganja chake mwenyewe, ngozi iliyogeuka nyeupe au nyeusi, aliyepigwa na stima, na yeyote aliyevuta moshi akawa anakohoa au sauti imekwaruza. Usidanganywe na jeraha lisilouma. Moto ukiingia ndani sana huua mishipa ya fahamu, ndiyo maana haliumi. Kutoka huku kwetu unavuka Daraja la Nyali mpaka hospitali kuu ya Coast General. Chukua tuktuk au gari lolote lililo karibu, lakini zile dakika 20 za maji zimalize kwanza, isipokuwa mtoto hapumui vizuri. Ukifika, uliza kuhusu sindano ya pepopunda.

Binti yetu alipona, na alama ndogo ilibaki juu ya kiwiko. Kibanda cha jiko kiliungua chote. Kipya kimeezekwa mabati, na ndoo ya mchanga iko mlangoni, ingawa kuku wameanza kuitagia mayai.

Wiki ijayo, inshallah, tutazungumza juu ya mafuta ya taa yanayowekwa kwenye chupa za soda, na mtoto anayeyanywa akidhani ni kinywaji.