Kisomo cha Habari: Kutoka Kikundi cha Redio hadi Simu ya Mkononi

Mwaka 1973, Radio Tanzania ilipotangaza vipindi vya kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili nchini walijiunga na vikundi vya kusikiliza. Katika wilaya kama Handeni na Korogwe, zenye wakulima na vibarua wa mkonge, redio moja ilitosha kundi zima. Kwa majuma 12 utaratibu ulikuwa ule ule: kusikiliza kipindi, kusoma kijitabu kwa sauti, kujadili, kisha kutenda. Vyoo vilichimbwa.

Makada wengi hukumbuka redio na kusahau mjadala, na hali nguvu ya kampeni ilikuwa humo. Lakini tuseme kweli, ndugu msomaji: mjadala wenyewe ulikuwa na mpaka. Swali kubwa lilikuwa "tutatekelezaje?" Si mara nyingi watu walihimizwa kuuliza "nani anasema, na kwa nini?" Kwa choo na maji ya kuchemsha upungufu huo haukudhuru. Kwa mambo ya ardhi unadhuru.

Tuchukue Msomera, wilayani Handeni. Tangu Juni 2022 familia kutoka Ngorongoro zimepelekwa kuishi huko. Serikali ilisema zinakwenda kwa hiari, na vyombo vingi vya nchini vikaonyesha nyumba mpya. Shirika la Human Rights Watch, katika taarifa yake ya mwaka 2024, likasema watu wanasukumwa kwa kupunguziwa huduma kule walikotoka, na kwamba baadhi ya wenyeji wa Msomera nao wana malalamiko ya ardhi. Mwanafunzi wa Korogwe huweza kupata habari zote mbili kwenye simu asubuhi moja. Upande mmoja umeandika "wamehama". Wa pili, "wamehamishwa". Ugomvi mzima umo katika tofauti ya vitenzi hivyo viwili, na somo la sarufi analolifanya darasani halijapata kumwambia hivyo.

Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kijana awe na akili ya kudadisi. Mtihani wa kukariri haumpi akili hiyo, wala kumnyang'anya simu hakumpi. Anayemwambia mwanafunzi aamini chombo fulani tu amempa kasumba nyingine, hata kama chombo hicho ni chetu.

Kijana wa Handeni ana bahati ambayo msomaji wa Ulaya hana: habari iko wilayani mwake. Mwalimu aandike ubaoni vichwa vya habari viwili juu ya jambo moja, darasa lipigie mstari vitenzi, liulize chombo ni mali ya nani na sauti ya nani haimo. Kisha wanafunzi wawili watumwe kwa mgeni aliyefika na mwenyeji aliyemkuta, waandike wanayoambiwa na wote wawili, bila kusahihisha.