Kumeza, Kufyonza au Kukunjia Ndani? Istilahi ya Upokeaji wa Kingamwili katika Seli za Saratani

Makala haya yanafafanua namna seli za saratani zinavyopokea kingamwili za tiba, na kubainisha kwa nini uteuzi wa istilahi ya hatua hiyo unamgusa mgonjwa. Muktadha ni pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, ambako Kimwani, Kimakonde na Kiswahili huzungumzwa majumbani, ilhali lugha rasmi ya tiba ni Kireno. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwaka 2017 vimewatawanya wazungumzaji hao hadi Pemba na kwingineko, na haja ya ukalimani imeongezeka.

Katika baadhi ya saratani za matiti, protini iitwayo HER2 huzidi mno juu ya utando wa seli. Kingamwili ya trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 na kuingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2015, hunata kwenye protini hiyo. Utando hujikunja kuelekea ndani, hufanya kifuko, na kifuko hukatika. Humo ndani kingamwili ama hurudishwa juu ya utando, ama hupelekwa kwenye lisosomu na kusagwa. Sehemu kubwa hurudishwa. Kwa trastuzumabu hilo si kikwazo, kwani hufanya kazi pia ikiwa nje: huzuia ishara za ukuaji na kuziita seli za kinga. Trastuzumabu emtansini, iliyobebeshwa sumu, ni tofauti: sumu hiyo hufunguliwa ndani ya lisosomu.

Istilahi ipi basi itumike? “Kumeza” huleta picha dhahiri, lakini katika Kiswahili cha kila siku dawa inayomezwa ni kidonge, ilhali hizi hutiwa mshipani. “Kufyonza” hudokeza kimiminika kinachopenya chenyewe, na huficha kazi ya utando. Tunapendekeza “kukunjia ndani” kwa hatua ya utando, na “kusaga” kwa hatua ya lisosomu.

Pendekezo hili si la kimsamiati tu. Mgonjwa asiye na HER2 nyingi hana cha kutosha cha kunatiwa. Akielezwa hivyo kwa lugha yake, ataelewa kwamba kunyimwa dawa hiyo si kubaguliwa. Kwa hiyo watunga sera waandae orodha ya istilahi pamoja na wakalimani wa Kimwani na Kimakonde, na waijaribu kwa wasikilizaji kabla ya kuichapisha.