Kunyenyekea Kupita Kiasi: Maneno Matatu ya Kiingereza

Mwanafunzi mmoja, akimweleza Bwana Collins, kasisi katika riwaya ya Jane Austen iitwayo Pride and Prejudice (1813), alimwita "mnyenyekevu". Huenda kamusi ilimruhusu, riwaya haimruhusu. Collins ni obsequious: humsifu Lady Catherine de Bourgh, aliyempa parokia, hata asipokuwapo. Kwetu unyenyekevu ni sifa njema, hivyo mwanafunzi alimvika kilemba cha ukoka mtu ambaye mwandishi anamcheka.

Kiingereza kina maneno matatu hapa yaliyokaribiana maana. Servile, litokanalo na servus, yaani mtumwa katika Kilatini, hulaumu roho yenyewe: mtu amekwisha kujiona duni. Huyu ana moyo wa kitumwa. Subservient hutaja zaidi nafasi. Mtu au jambo limewekwa chini ya jingine, na pengine pasiwepo lawama yoyote.

Obsequious lahusu mwenendo unaoonekana: kauli tamu, kuinama kusikokoma. Asili yake ni kufuata na kutii, na zama za Shakespeare liliweza kumsifu mtu atimizaye wajibu wake, hasa wa kuwaomboleza wafu. Mfasiri wa tamthilia zake na ajihadhari.

Kwa Collins ningechagua "kujipendekeza" au, iwapo lugha ya barazani yastahimilika darasani, "kujikomba". Lakini maneno haya mawili hudokeza faida inayotafutwa, naye Collins parokia amekwisha kuipata. Haachi kuinama, aona raha.