Sufu darini: Je, itapunguza joto la mabati?

Ewe msomaji uliyeezeka nyumba yako kwa mabati kule Dabaso, Gede au Watamu, bila shaka wajua adha ya saa nane mchana wakati wa kaskazi. Mabati hushika moto, na joto hilo hushuka moja kwa moja hadi kitandani alikolala mtoto. Ndipo wengine hupata wazo la kutandaza darini sufu mbichi ya kondoo, kama wafanyavyo watu wa nchi za baridi. Je, inafaa?

Sufu inavyofanya kazi

Nyuzi za sufu zimejikunja na kushikilia hewa katikati yake. Hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Kwa hiyo sufu iliyotandazwa darini huzuia joto la ndani lisitoke wakati wa baridi, na la paa lisishuke wakati wa jua. Hata hivyo, sufu za viwandani huoshwa na kutiwa dawa ya wadudu kwanza. Sufu mbichi ni jambo jingine.

Hatari zake

Sufu iliyokatwa sasa hivi ina mafuta, jasho na kinyesi cha mnyama. Chini ya mabati ya moto hutoa harufu mbaya, na nondo hutaga mayai humo. Tena sufu hunyonya unyevu, hata kufikia theluthi ya uzito wake, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi.

Lililo zito zaidi ni maradhi. Vijidudu vya kimeta huweza kukaa katika sufu na ngozi kwa miaka mingi, na mtu huambukizwa kwa kuvuta vumbi lake. Katika karne ya 19 wachambuaji sufu wa Bradford, Uingereza, walikufa kwa ugonjwa huo.

Isitoshe, kondoo wa pwani wana nywele, si sufu. Ya kweli hutoka nyanda za juu, kama vile Molo. Wala usidhani sufi ya msufi, ile ya kujazia mito, yaweza kushika nafasi yake. Sufi hushika moto upesi mno, na darini ndimo zinamopita nyaya za umeme.

Ufanye nini basi?

Kwanza, paka mabati rangi nyeupe upande wa juu. Rangi hiyo hurudisha sehemu kubwa ya miale ya jua.

Pili, weka dari, na uache nafasi ya hewa kati yake na mabati. Acha pia matundu ya kutolea hewa ya moto, lakini uyafunike kwa wavu wa mbu.

Tatu, usiyadharau makuti. Wazee waliyachagua kwa sababu nayo hushikilia hewa. Wako watu wanaoezeka makuti juu ya mabati. Hao wawe waangalifu na moto wa jikoni.

Nne, panda miti ya kivuli upande wa magharibi, linakopiga jua la alasiri.

Dari ina faida nyingine. Mbu wa malaria hupenda kuingia kupitia mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Katika uchunguzi wa Gambia uliochapishwa mwaka 2009, watoto 30 kati ya 100 walikuwa na upungufu wa damu katika nyumba zisizozuiliwa mbu. Katika nyumba zilizowekwa dari ya wavu, walikuwa 20 hivi. Chandarua, hata hivyo, kisiachwe.

Dalili za kuangalia

Harara mwilini si jambo la kutisha. Lakini mtoto akiwa na mwili wa moto, mlegevu, hakojoi, au utosi wake umebonyea, usingoje jioni. Mtoe nje kivulini, mpanguse kwa maji, mnyonyeshe au mnyweshe iwapo anaweza kumeza, kisha mkimbize hospitali. Mtu mzima anayepayuka au kuzirai kwa joto naye ni mgonjwa wa dharura.

Nyumba ni kinga ya kwanza ya mwili. Kabla ya kununua kochi jipya, tazama juu: je, paa lako linakufunika au linakuchoma?