Agosti 1: tarehe nzito kuliko zote Kongo

Juni 30, siku ya uhuru, ina gwaride na bendera. Lakini tukizipima tarehe kwa rekodi, Agosti 1 inaipita mbali, na rekodi yake kubwa kuliko zote imewekwa kwetu, Beni na Butembo. Tuanze na ndogo.

4. Jina sugu kuliko yote

Agosti 1, 1964, Katiba ya Luluabourg ilianza kutumika, na nchi ikaitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katiba haikufikisha miezi 16 kabla Mobutu hajatwaa madaraka. Jina likafutwa 1971, likarudi 1997, na lipo hadi leo.

3. Milki kubwa kuliko zote ya mtu mmoja

Agosti 1, 1885, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliyajulisha mataifa kwamba yeye ndiye mtawala wa Dola Huru ya Kongo. Mfanyabiashara wa Butembo anayevuka Kasindi kwenda Kampala aipime hivi: Uganda tisa zinaingia ndani ya Kongo, na nafasi inabaki. Mwenye milki hakuikanyaga hata siku moja.

2. Pumziko fupi kuliko yote

Julai 24, 2018, Ebola ilitangazwa kwisha mkoani Équateur. Agosti 1, sikukuu ya wazazi, wizara ya afya ikatangaza mlipuko mwingine, Mangina, kilomita 30 hivi kutoka Beni. Siku nane tu! Wiki moja baadaye watu walikuwa tayari wanachanjwa.

1. Ushindi mkubwa kuliko wote

Mlipuko huo ulidumu siku 694, hadi Juni 25, 2020. Wagonjwa 3,470, waliofariki 2,287: mkubwa kuliko wote katika historia ya Kongo, na wa pili duniani baada ya ule wa Afrika Magharibi. Nao ulipiganwa huku risasi zikilia.

Waliochanjwa walipita 300,000, watu wa kuujaza uwanja wa Martyrs wa Kinshasa mara tatu na kubakiza umati mwingine nje. Waliopona ni 1,171, na huku kwetu wanaitwa washindi. Baadhi yao walirudi vituoni kuwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, maana wao tayari walikuwa na kinga.

Na hapa ndipo tunapoidai dunia nzima shukrani. Kuanzia Novemba 2018, wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina walikubali kujaribiwa dawa nne. Mbili zilishinda, na moja ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit 1995. Hizo ndizo dawa za kwanza duniani kuthibitishwa kwamba zinaokoa mgonjwa wa Ebola. Nafasi ya kwanza ni yetu, bila ubishi!